Mzee Aliyezima Injini Mteremkoni

Ukitaka kumkasirisha Afande, teremsha kioo cha gari lake bila ruhusa. Upepo ukiingia gari linavutwa nyuma, gari likivutwa nyuma injini inakunywa, injini ikinywa wewe uliyeteremsha kioo ni mwizi. Hivyo ndivyo alivyonieleza asubuhi ya kwanza niliyopanda gari lake, kabla hata hajaniuliza nimetoka wapi. Nikapandisha kioo, nikakaa nikivuja jasho mpaka mjini, nikijiapia kwamba kesho yake ningepanda boda. Kesho yake nilikuwa kwenye kiti kile kile, kioo juu, mdomo nimeufunga.

Tulikuwa majirani Bukoto, kwenye ghorofa moja nyuma ya maduka, yeye na mkewe chini, mimi juu yao. Mimi ni mtu wa Bukavu. Vita ilinileta Kampala, biashara ya vitenge ikanibakiza. Yeye alikuwa dereva wa jeshi aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita Afande, kuanzia mwenyekiti wa mtaa mpaka mama wa nyanya. Jina lake nalijua. Sikumbuki kulitumia hata mara moja, na nikiliandika hapa nitaona kama namsimulia mtu mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa refu, jeupe, la silinda sita, na namba zake zilikuwa za zamani kiasi kwamba vijana wakiziona walicheka. Alilinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mkubwa wake mmoja alipokuwa anaacha kazi. Lilikunywa mafuta vibaya sana. Mtu mwenye uchungu na mafuta kuliko watu wote niliowahi kuwajua alikuwa na gari lenye kiu kuliko yote ya mtaani, na ukimtajia jambo hilo alikuwa anageuka kuangalia pembeni, kama mtu uliyemtajia mtoto wake mlevi.

Nauli hakuchukua. Ukimpa noti mkononi alikutazama kana kwamba umemtukania mama. Desturi ya gari lake ilikuwa zamu: kila asubuhi abiria mmoja anashuka kwenye kituo cha mafuta, anamlipa mhudumu wa pampu mwenyewe, Afande amesimama kando na mikono nyuma. Pampu ikishasimama alilichukua lile bomba kwa mhudumu, akaliinua juu, akalitikisa, akalikung'uta mpaka tone la mwisho liingie tangini. Wahudumu walimchukia. Wenye magari nyuma yetu walipiga honi. Yeye hakuharakisha hata kidogo, na sisi ndani tulikuwa tunatazama miguu yetu kwa aibu.

Alikuwa na maneno yake. "Bleki ni mafuta ya kumwaga," alikuwa anasema, kwa sababu mtu anayekanyaga breki ni mtu ambaye hakutazama mbele. Alimwambia bwana mmoja mnene wa ghorofani kwamba angembeba siku za Jumatatu na Alhamisi tu, siku nyingine apumzishe gari. Yule bwana alinuna mwezi mzima. Kwenye buti hakuruhusu hata mwavuli. Siku nilipokuja na robota langu la vitenge alilipima kwa mkono, akaguna, akaniambia nikae katikati ili uzito ugawanyike. Nilimwambia, "Afande, mimi si mfuko ya simenti." Akanijibu kwamba simenti ingekuwa nafuu, kwani haisemi.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mteremko. Kampala ni mji wa vilima, na Afande aliugawa mara mbili, sehemu za kulipa na sehemu za bure. Akifika juu ya kilima alitoa gia, akarudisha ufunguo nyuma hatua moja, injini ikanyamaza. Tukashuka kimya. Ulisikia matairi, ulisikia redio za dukani, ulisikia watu wakiongea kando ya barabara. Mara ya kwanza nilishika kiti kwa mikono miwili nikaanza kusali. Baadaye nilizoea, na nakiri kulikuwa na raha fulani katika kushuka vile, ila ilikuwa raha ya mtu anayejua kwamba mwenzake ndiye anayeushika usukani. Mguu wake ulijua gari lile lina pumzi ngapi za breki bila injini. Alikuwa akizitumia kama mtu anavyotumia chumvi ya mwisho jikoni, na chini kabisa, pale magari yanapoanza kubanana, alirudisha ufunguo na injini ikaitika.

Usinielewe vibaya ukadhani alikuwa bahili. Usiku au mchana, mwanamke wa mtaani akishikwa na uchungu, gari lilikuwa lake mpaka hospitali ya Mulago, na zamu siku hiyo haikuwepo. Mgonjwa hakulipa. Msiba haukulipa. Alimpeleka jirani yetu mmoja kumzika babake mbali sana, akarudi na tangi tupu na macho mekundu, na wala hakutaja mafuta. Nilishindwa kuzipatanisha hizo nafsi zake mbili, ile iliyokung'uta bomba na hii.

Siku moja tu alinionyesha zinapokutana. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Wandegeya, injini ameizima, mvua inapiga bati la gari. Nikamtania kwamba Mungu akimwita atauliza kwanza kama safari ni ya mteremko. Hakucheka.

"Binti, mimi niliendesha lori ya wagonjwa," alisema. "Siku moja mafuta naisha polini. Sisi wenye iko na miguu tulitembea."

Nikangoja aendelee. Alikuwa anaangalia maji kwenye kioo.

"Wenye hapana miguu walibaki," akasema. Foleni ikasogea, akawasha injini, na hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka leo.

Mkewe alikuwa Hajati, Mnubi wa Kisenyi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Alimtii mumewe katika yote ila mawili, dini na chumba chake. Chumba kilikuwa Kisenyi, nyuma ya magereji, kimoja tu, cha tofali na bati. Alikijenga mwenyewe kwa sambusa. Kwa miaka alikaa kando ya barabara na karai lake, akiwauzia mafundi na Wasomali wa maduka ya jumla, na kila alipopata kidogo alinunua tofali. Sasa alikuwa amezeeka, karai amelitundika, na kodi ya chumba kile ndiyo ilikuwa dawa yake ya sukari, nguo zake za Idi, na zawadi za wajukuu. Pensheni ya Afande ilikuwa ya chakula. Chumba kilikuwa cha Hajati, na alipenda kusema hivyo: "Nyumba ni ya Mungu, mume ni wa jeshi, chumba ni yangu."

Basi mafuta yakapanda bei. Yakapanda tena. Zamu zikaanza kuja haraka, abiria wawili wakahama, na Afande akawa anatazama mshale wa mafuta kuliko anavyotazama barabara. Hapo ndipo alipoingia mpwa wake. Alikuwa mtu mzima mwenye familia, muuzaji wa magari kwenye bondi, yaani zile yadi ambako magari yaliyotoka Japani yanakaa yakisubiri mnunuzi na ushuru. Alikuja Jumapili moja na gari dogo la rangi ya fedha, jipya machoni, lisilo na ufunguo, unabonyeza tu kitufe. Tulikuwa uani sote.

"Mjomba, hii inakula nusu," alisema. "Nusu! Ile pesa unayochoma kila wiki ndiyo itakayokulipia gari. Hili lako kuukuu linakuibia, na wewe unalilinda."

Nilimwona Afande akilizunguka lile gari kimya, mikono nyuma, kama anavyozunguka pampu. Nikaogopa, kwa sababu nilimjua. Hakuna aliyewahi kumshawishi kwa raha, kwa sifa wala kwa wivu. Huyu alikuwa amemshika kwa neno moja tu, nusu.

Bei ilikuwa hivi: gari jeupe lichukuliwe kama malipo ya kwanza, na linalobaki lipatikane kwa kuuza chumba. Mwenye gereji la jirani alikuwa akikitaka kwa muda mrefu ili apanue. Kilichokosekana ni kidole gumba cha Hajati kwenye makubaliano.

Hajati alinifuata juu siku ile ile, akakaa kwenye kitanda changu bila kuvua mtandio.

"Wewe anakusikia," aliniambia. "Mimi nikiongea anasema ni mambo ya wanawake. Wewe ni wa biashara. Mwambie."

Nilimwambia. Nilimwambia garini, uani, mlangoni. "Afande, niache nikuulize kama mtu wa soko," nilimwambia. "Hii gari itakurudishia bei yake lini? Wewe unaenda mujini na kurudi, Jumamosi unaenda Kalerwe, basi. Safari yako ni kidogo. Nusu ya kidogo ni kidogo. Kama ungekuwa unaenda Mbarara kila siku, ningesema nunua, tena leo. Lakini wewe utakusanya hizo nusu mpaka kaburini na bei ya chumba bado haijarudi."

"Wewe nauza nguo," akasema. "Mafuta, mimi najua."

"Chumba inazaa kila mwezi, Afande. Gari inazeeka kila siku."

"Na hii nyeupe? Haizeeki?"

"Hii ulishailipa. Inakula sana, ndiyo, lakini haikuli nyumba."

Akanyamaza. Nilidhani nimempata. Kumbe alikuwa anasubiri kushuka kilima cha Kamwokya, azime injini.

Hajati hakukataa na hakukubali. Alisema gari lije kwanza, alione likifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, ndipo ataamua juu ya kidole chake. Mpwa akakubali, jeupe likaondoka, la fedha likabaki. Kuanzia siku hiyo nyumba ya chini ikawa na ukimya ambao niliusikia mpaka juu. Zamani jioni nilisikia wakibishana kuhusu chumvi na habari za redio. Sasa nilisikia vijiko.

Na gari lilikula nusu kweli. Siwezi kumnyima haki yake. Mshale ulikaa pale pale siku baada ya siku, na Afande akawa kijana. Alikuja kugonga mlango wangu asubuhi kunionyesha mshale. Akambeba tena yule bwana mnene, mpaka siku za Jumanne. Kwa kuwa mshale haukushuka, akaanza kwenda. Alikwenda Jinja kumwamkia rafiki wa zamani wa jeshini. Alikwenda Entebbe kumpokea mtu ambaye angeweza kupanda basi. Alikwenda arusi za watu ambao zamani angewatumia salamu tu. Dirisha likafunguliwa, kiyoyozi kikawashwa, maana gari halinywi. Baada ya wiki mbili nikagundua kwamba zamu yangu ya kulipia pampu inanirudia kwa kasi ileile ya zamani.

Nilimwambia hivyo tukiwa njiani. "Afande, mafuta unayopunguza kwa gari unayaongeza kwa safari zako."

Alisimamisha gari kando ya barabara, Kamwokya, taratibu, bila breki kali hata hapo.

"Shuka," akasema.

Nikashuka na robota langu. Nilikuwa na hasira, na pia hofu, kwa maana nilijua angeniadhibu tu kwa kitu alichokuwa ameshajiambia mwenyewe. Jioni aliniletea sahani ya pilau kutoka kwa Hajati, akaniwekea mezani, akashuka.

Taa moja ya mbele ikafa. Alilipeleka gari Kisenyi kwa fundi wake wa miaka yote, yule aliyekuwa akilitibu jeupe kwa waya na mpira wa ndani wa baiskeli. Fundi akafungua boneti, akachungulia, akafunga tena. Alisema hana mashine ya kulisoma. Taa ilipatikana mahali pengine, na bei yake Afande hakumwambia mtu. Niliijua kwa sababu Ijumaa ile hakukuwa na nyama nyumbani kwao, na Ijumaa bila nyama ilikuwa haijawahi kutokea.

Mwezi ukawa unakwisha. Akaanza kutafuta akiba nyingine kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka gizani. Kiyoyozi kikazimwa. Kioo kikapandishwa. Na Jumamosi ya mwisho, tulipokuwa tunakwenda Kalerwe kununua chakula cha wiki, Hajati mbele, mimi nyuma na vikapu vitupu, Afande akasema, "Leo nitaonyesha nyinyi. Hii ikishuka bure, itashinda hata pikipiki."

Tulikuwa tumeipita Mulago, barabara inaanza kuinama kuelekea sokoni. Nilielewa kabla hajafanya. "Afande, hii si ile," nilisema. Akatoa gia. Akabonyeza kile kitufe, gari likapiga kelele ndogo ya kulalamika, akakibonyeza tena, akakishikilia. Taa zote za dashibodi mbele yake zikazimika.

Mwanzoni ilikuwa raha ile ile ya zamani. Matairi, redio za dukani, sauti za watu. Kisha mwanamke mwenye toroli la ndizi akakata barabara, Afande akagusa breki, breki ikaitika. Akagusa tena, ikawa ngumu. Mara ya tatu alikanyaga kwa uzito wake wote na gari halikupungua mwendo hata kidogo. Usukani nao ukawa mzito. Aliung'ang'ania kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka, akatoa mkono mmoja kubonyeza kitufe, gari likayumba, akaurudisha mkono.

"Washa!" nilipiga kelele. "Washa, Afande!"

"Gari nakataa!" alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu ninayemjua. "Nakataa kuwaka!"

Mbele yetu soko lilikuwa limemwagika mpaka barabarani kama kila Jumamosi. Wanawake na mafungu yao ya nyanya, boda zimepaki hovyo, mtu amebeba magodoro kichwani. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna aliyetusikia. Gari bila injini halina sauti. Hilo ndilo lililonitisha kuliko breki. Nikaanza kupiga kioo kwa viganja. Hajati alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono yote miwili na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Inama!" Afande aliamuru, kwa sauti ya jeshi sasa, na akavuta breki ya mkono na kuukata usukani kushoto kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Tukaingia kwenye magunia ya mkaa.

Vumbi jeusi lilifunika vioo. Kwa muda sikujua kama tumeua mtu. Nikasikia sauti ya mwanamke nje, "Banange! Amanda gange! Amanda gange!" na nikashukuru Mungu, kwa sababu mtu anayelilia mkaa wake ni mzima, na aliye karibu naye ni mzima. Hakuna aliyeumia nje. Ndani, Hajati alikuwa amepiga goti lake kwenye dashibodi. Alitazama mbele tu, kwenye weusi ule.

Afande alishuka akasimama wima kando ya gari, mikono ubavuni, umati unamtukana kwa Kiganda. Uso wa gari ulikuwa umepasuka, maji yanavuja. Mwenye mkaa tulimlipa pale pale, mimi na yeye. Nilitaka kumpigia kelele. Nilipomwona midomo yake imekuwa ya kijivu nikaacha.

Bondi haikulitaka tena. Gari lililoharibika ni la aliyeliharibu, mpwa alisema, na safari hii hakumwita mjomba. Jeupe lilikuwa limeshauzwa kwa mtu wa Masaka. Jumatatu Hajati aliomba karatasi za kuuza chumba ziletwe nyumbani kwa sababu goti lilimzuia kutembea. Nilikuwepo kama shahidi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Afande alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Hajati alimwambia, bila kupandisha sauti. "Ukisema kitu, kidole sitii."

Akachovya kidole kwenye wino, akakibonyeza mahali alipoonyeshwa, akakifuta kwenye ukingo wa gauni lake. Kisha akauliza kama kuna aliyemaliza chai. Nililia nilipofika juu. Nilimchukia Afande kwa siku kadhaa, kwa dhati, na sioni sababu ya kuficha hilo, ingawa nilijua kwamba mle chini alikuwa anajichukia kunishinda.

Mimi nilihama Bukoto mwaka huo kwa sababu ya kodi. Habari zao nilizipata kwa vipande. Gari lilitengenezwa. Linakula nusu. Hajati halipandi.

Nilihakikisha mwenyewe Ijumaa moja, miezi mingi baadaye. Nilikuwa nashuka kwa miguu barabara ya Mengo kuelekea Kisenyi kupeleka vitenge kwa mteja, nikasikia honi nyingi kuliko kawaida. Foleni ndefu ilikuwa inapanda kilima kwa mwendo wa jongoo. Mbele ya foleni nikaliona lile gari la fedha, gia ya kwanza, injini inanguruma, na hatua chache mbele yake, kwenye ukingo wa barabara, Hajati. Alikuwa anachechemea, amevaa gauni lake la msikitini, mfuko wa plastiki mkononi. Ametoka kuswali Kisenyi, mahali alipokuwa na chumba, na alikuwa anakipanda kilima kwa goti lile.

Afande alikuwa amezeeka. Alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Hajati, panda."

"Nitafika."

"Watu naangalia."

"Waangalie."

"Ssebo, vvaawo!" dereva wa teksi alifoka nyuma yake. Aondoke njiani. Afande hakuondoka. Alimfuata mkewe hatua kwa hatua, kilima kizima, akichoma mafuta namna ambayo zamani angemshusha mtu garini kwa kuiwaza tu. Nilisimama pale na vitenge vyangu kichwani. Hakuna aliyeniona.

Kisha akasimamisha gari katikati ya njia. Akafungua mlango, akashuka, akauacha wazi na injini ikiwaka, akaanza kumfuata mkewe kwa miguu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikapaza sauti. "Afande! Gari inawaka!"

Aligeuka akanitazama kana kwamba tuliachana jana. "Iwake," alisema.

"Wataiiba!"

"Waibe."

Hajati akasimama. Alikuwa ametuonyesha mgongo muda wote, na sasa aligeuka polepole, akimtazama mumewe, akilitazama gari nyuma yake, mlango wazi, boda zinalizunguka pande zote.

"Waibe nini?" aliuliza.

"Gari, Hajati. Waibe. Mimi hapana taka."

"Hiyo si gari," alisema. "Hiyo ni chumba yangu. Nani alikupa ruhusa ya kuacha chumba yangu barabarani, mlango wazi?"

Hajati alimpita akichechemea, akamkwepa kama unavyokwepa nguzo ya umeme, akashuka mpaka kwenye gari. Alizunguka upande wa pili, akajivuta ndani kwa kushika paa, akaketi. Honi zilikuwa zimepamba moto. Afande alikuja nyuma yake akiwa analia waziwazi, mzee yule, mbele ya foleni yote, akashika usukani.

Hajati aliteremsha kioo. Ndipo aliponiita, kwa sauti ile ile ya chini.

"Na wewe, ingia. Kuanzia leo kila anayekaa humu analipa kodi, mkononi mwangu."

Safari yangu ilikuwa ya kushuka na wao walikuwa wanapanda, lakini niliingia. Nikampa noti. Aliikunja, akaitia kifuani, kisha akamwambia mumewe aendeshe.